Waliotoa themostati

Peleka gari la zamani kwa fundi wa Dar es Salaam, mwambie linachemsha. Kabla hajashika spana atakuuliza kama themostati bado imo. Ukisema imo, itatoka. "Hiyo ya nchi za baridi, bosi," atakwambia, na kijana wake atakuwa ameshaanza kulegeza bolti. Kauli hiyo nimeisikia Gerezani hapa Dar, nimeisikia Moshi, na nimeisikia Iringa, mji ambao asubuhi za Juni watu wake wanatembea na makoti.

Nimeifuatilia kwa sababu Peugeot 404 ya marehemu baba bado inatembea, na ilipofika mikononi mwangu haikuwa na themostati, wala feni yake haikuwa ikifanya kazi iliyotengenezewa. Nilitaka kujua nani alianza.

Si waliotengeneza gari. 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina, na injini yake ya sisi 1,618 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti ishuke chini. Kabla haijatamba, aliyetaka kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa maji. Kwa miaka mingi mbio zilikimbiwa Pasaka, masika yakiwa yameshika, na tope likishaziba uso wa rejeta hakuna upepo unaopita. Volkswagen ya mgongo wa kobe, isiyo na tone la maji, ilishinda 1953, 1954, 1957 na 1962. Halafu 404, gari la rejeta na pampu, ikashinda 1963, ikashinda tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mbili kati ya hizo zilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapahapa Dar. Kwa hiyo anayesema gari la maji la Kizungu haliliwezi joto letu anabishana na kumbukumbu zilizoandikwa.

Siri ya gari lile iko kwenye feni. Haizunguki muda wote. Imekaa juu ya puli ya pampu ya maji, na ndani ya puli kuna sumaku ya umeme inayopata moto kupitia kipande cha kaboni kisichozidi ncha ya kidole. Maji yakipanda joto, swichi inapeleka umeme, sumaku inainasa feni, na kutoka kwenye kiti cha dereva unasikia mlio wa injini ukibadilika ghafla. Maji yakipoa, inaachia. Kati ya feni na puli kuna uwazi usiofika nusu milimita, unaorekebishwa kwa skrubu tatu zenye nati. Mwaka 1960 magari mengi yalikuwa bado yanazungusha feni mfululizo, yapo baridi au yana moto.

Zile skrubu tatu ndizo zilizotuponza. Kaboni ikiisha na mpya haipo, unazikaza mpaka feni inagandana na puli, unaendelea na safari. Ni njia ya dharura, na ni njia nzuri. Lakini baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka na maduka ya vipuri yakabaki na rafu, dharura ilichukua miaka. Mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka haukupata mrithi, ukawekewa kipande cha mpira wa tairi. Themostati iliyokwama ilitolewa kwa sababu hapakuwa na nyingine. Vijana waliojifunza kazi miaka hiyo waliona mabwana zao wakitoa, na hakuna aliyewaambia kwamba mabwana hao wangeirudisha kama ingepatikana. Sababu ya baridi ilitungwa baadaye, nadhani, mteja alipouliza.

Kutoa kitu chenyewe si kosa. Ford alipoanza kuuza Model T mwaka 1908 aliiwekea pampu ya maji, na baada ya magari kama 2,500 akaing'oa, maji yakaachwa yajizungushe kwa joto lao wenyewe. Ila yeye aliipangia injini nzima mabadiliko hayo. 404 isiyo na themostati, yenye feni iliyokazwa, inakwenda baridi: inakunywa petroli, oili inaingia tope. Na ubaya mkubwa ni kwamba inaficha ugonjwa. Rejeta iliyoziba nusu itakudanganya Dar mpaka Mikumi, halafu mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, unakuumbua, gia ya pili, lori mbele, kona haziishi. Na ule mfuniko wa mpira wa tairi hauna msaada huko. Iringa iko juu kiasi cha mita 1,600, na maji yasiyobanwa hapo huchemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima unaobana kwa nusu ya baa unayapeleka mpaka zaidi ya nyuzi 105 kabla hayajatokota.

Kinachoziba rejeta ni chumvi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na dereva aliyekwama anajaza alichopewa. Mzee wa rejeta ninayemtegemea alinionyesha ya kwangu siku alipoifungua. Alipitisha jiko la upepo pembeni mwa tangi la juu mpaka risasi ikalainika ikang'aa, akaling'oa tangi kwa koleo taratibu, na mirija ikaonekana: safu kwa safu, midomo yake imezibwa na magamba meupe. Alichukua ufito bapa wa shaba, akauingiza mrija mmoja mmoja, akivuta na kusukuma, akimwagia maji mpaka yakatoka safi upande wa chini. Hakuongea mpaka alipomaliza. Kisha akarudisha tangi, akachomelea, akaziba midomo yote, akaizamisha kwenye pipa na kuipuliza kutafuta mapovu.

Sasa ina themostati, kaboni mpya, mfuniko wa springi, na kulanti iliyochanganywa na maji ya betri. Kitonga mshale unapanda kidogo, feni inanasa, mshale unarudi. Wenzangu wenye magari ya zamani wananisukuma niweke rejeta ya alumini na feni mbili za umeme. Zinapoza, sibishi, na kwa injini iliyoongezwa nguvu ningeziweka. Lakini yule mzee hawezi kuifungua alumini yenye tangi la plastiki, ikivuja inatupwa. Magari yanayopita mbele ya banda lake karibu yote yana rejeta za namna hiyo, na wanawe wawili wanauza rejeta za mtumba upande wa pili wa barabara.