Kirangozi wa Kaloleni

Nilinunua raba mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa tatu zilikuwa chini ya kitanda, zimeshikwa na vumbi jekundu la Kaloleni. Kila Jumapili usiku najiambia, kesho lazima. Kesho ikifika nazima kengele ya simu, nalala tena. Sokoni ni mwendo wa dakika kumi tu, lakini naita boda.

Nilichukulia mchezo hadi nilipopimwa presha. Mamangu ameishi na presha miaka mingi. Nyumba yenye mfuko wa dawa juu ya friji naijua vizuri.

Basi nikaanza kuwawaza waliopita huku kabla yetu. Kabla reli haijafika Voi, mwishoni mwa miaka ya 1890, misafara ya Pwani ilipita Taita kwa miguu ikielekea Taveta na Kilimanjaro. Ilikata nyika ya Taru isiyo na maji, ikatafuta maji ya mvua kwenye miamba ya mlima Maungu, ndipo ikafika Ndara, upande wa Sagalla. Rebmann alipita Taita mwaka 1848, msafara wake ukiongozwa na Bwana Kheri. Joseph Thomson akafuata mwaka 1883. Mizigo, kilo 30 hivi kila mmoja, ilikuwa kwa wapagazi.

Mpagazi hakungoja hamu. Alikuwa na kirangozi wa kumfuata, maji ya kuyafikia, na wenzake kando yake. Waliondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali. Ukibaki nyuma Taru, kiu inakumaliza.

Lakini tusiipambe hadithi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, mwaka 1915, na Waafrika wengi mno wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Kikosi chao, Carrier Corps, kimeacha jina Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar. Miguu ya watu wale haikuwa mali yao. Yangu ni yangu, na ndiyo maana ni rahisi kuisamehe kila asubuhi.

Kwa hivyo nimeiga mpango wa msafara, mzigo nimeuacha. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama mwendo wa haraka, kwa wiki. Nimezigawa nusu saa, siku tano. Kirangozi wangu ni jirani, mama wa makamo anayetembea kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Maji yangu ni kibanda cha chai upande wa stesheni: hakuna chai kabla ya kufika.

Wiki iliyopita nililala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu mlango ukagongwa. "Wewe, msafara unaondoka!"

Nikainama, nikavuta raba chini ya kitanda.