Bomba la kupumulia: jinsi injini ilivyofundishwa kula moshi wake

Najua wengi wenu mnapita hapa kusoma habari za programu na tarakilishi, lakini leo mnivumilie. Nataka kuongea juu ya bomba la mpira lenye unene wa kidole gumba. Limo ndani ya gari langu, na kwa miezi miwili limenisomesha historia kuliko nilivyosomeshwa chuoni kwa miaka minne.

Ilianza hivi. Nina gari la Kijapani lililotumika, silinda nne, lita 2, lenye turbo. Mwaka jana oili ilianza kuchuruzika pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi wa kwanza akabadilisha sili ya nyuma ya krankishafti. Baada ya wiki tatu oili ikarudi. Akabadilisha tena, ikarudi tena, na pesa zangu hazikurudi. Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, hakugusa sili kabisa. Aliwasha injini, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akaweka kiganja juu ya tundu.

"Kijana, hapa kuna pumzi imefungiwa," akasema. "Sili haina makosa. Inasukumwa."

Dawa yake ilikuwa rahisi: achomoe bomba la kupumulia, azibe matundu yaliyobaki upande wa hewa, na bomba lenyewe aliache lining'inie chini ya gari lipumulie barabarani. Nikakubali. Oili ikakoma kuvuja siku hiyo hiyo. Ila kuanzia hapo, kila nikisimama kwenye foleni, ndani ya gari kulinuka petroli na oili iliyoungua. Dada yangu alipanda mara moja tu, akaapa kurudi kwenye matatu.

Sisi waandishi wa programu tuna mwiko mmoja: usifute mstari usioujua kabla hujauliza nani aliuandika na kwa nini. Mimi nilikuwa nimefuta bomba zima. Basi nikaanza kuuliza.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Pistoni huzungukwa na ringi za chuma zinazoziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda, lakini hakuna ringi inayoziba kabisa. Kila mlipuko ukitokea, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka kwenye tumbo la injini, pale krankishafti inapozunguka juu ya oili. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni mchanganyiko wa hewa na petroli ambao haujaungua, pamoja na mvuke wa maji na tindikali. Ikikosa njia ya kutoka itasukuma sili na gasketi. Ikikaa humo bila kusukuma, maji na tindikali vitaigeuza oili kuwa matope meusi. Kwa hiyo injini lazima ipumue. Swali ni inapumulia wapi.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa lile lile la fundi wangu: chini. Magari ya miaka ya 1930, 1940 na 1950 yalikuwa na bomba la chuma lililoshuka kutoka kwenye tumbo la injini hadi karibu na barabara, mdomo wake ukiwa umekatwa mshazari. Gari likienda, upepo unaopita chini yake ulivuta gesi nje, na hewa safi ikaingia kupitia kifuniko cha oili chenye chujio. Akili nzuri, bila kifaa hata kimoja kinachosogea. Tatizo ni kwamba lilihitaji mwendo. Gari la mjini, la kusimama na kuondoka, halikuvutwa kitu, na matope yakajaa kwenye injini. Vita vya Pili vya Dunia vilileta tatizo jingine: magari ya kijeshi yaliyotakiwa kuvuka mito yangenyonya maji kupitia bomba hilo. Hapo ndipo baadhi yake yalipounganishwa bomba la kupumulia na njia ya hewa inayoingia kwenye injini, ili injini ijinyonye yenyewe. Ndiyo asili ya kile ambacho mafundi wetu wanakiita PCV. Vita vilipokwisha magari ya raia yaliendelea kumwaga barabarani, na hapakuwa na sheria ya kuyazuia.

Sasa twende Los Angeles. Julai 1943 mji ule ulifunikwa na ukungu uliochoma macho kiasi kwamba baadhi ya watu walidhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Ukungu ukawa unarudi mwaka baada ya mwaka. Wakalaumiwa wenye viwanda, wakalaumiwa wachoma takataka. Aliyefumbua fumbo ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Caltech, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi ladha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni zikikutana na jua kali hutoa ozoni, na ozoni ndiyo inayochoma. Wenye magari na wenye mafuta hawakufurahi.

Kila mtu akatazama eksozi, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 vipimo vilionyesha kwamba karibu moja ya tano ya petroli isiyoungua iliyotoka kwenye gari haikupita kwenye eksozi kabisa. Ilipita kwenye lile bomba la chini! Na dawa ilishajulikana tangu vitani: valvu ndogo yenye springi, na kipande cha bomba cha kuirudisha gesi kwenye njia ya hewa ikaungue upya. Katika vita vyote vya usafi wa hewa sijui kifaa kingine kilichokuwa rahisi namna hii kwa faida kubwa namna hii.

Magari ya modeli ya 1961 yaliyouzwa California yalifungwa kifaa hicho, na sheria ya jimbo ikakilazimisha kwa modeli ya 1963. Na majimbo mengine je? Hapa ndipo nilipokunja uso. Januari 1969 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikishtaki chama cha watengenezaji wa magari pamoja na General Motors, Ford, Chrysler na American Motors kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza uchafu. Moja ya madai ilikuwa hii: mwaka 1961 walikubaliana kutofunga PCV nje ya California hadi modeli ya 1963, ingawa ingewezekana kwa modeli ya 1962. Kesi iliishia kwa makubaliano mahakamani mwaka huo huo wa 1969, bila kampuni yoyote kukiri kosa, kwa hiyo hatukupata kusikia ushahidi wote hadharani. Mwaka mmoja unaonekana mdogo. Lakini ni mamilioni ya magari, na kila moja lingetembea miaka mingi likipumulia usoni mwa watu. Mimi nimewahi kukaa kwenye mikutano ambapo kosa linalojulikana linasogezwa hadi toleo lijalo kwa sababu hakuna mteja aliyelalamika bado. Nilisoma habari za kesi hiyo na masikio yakawaka.

Turbo nayo iliingia wakati huo huo. Mwaka 1962, General Motors ilitoa magari mawili ya kwanza ya kuuzwa kwa umma yenye turbo: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire ilikuwa na injini ya V8 ya alumini ya lita 3.5, na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuzuia mgongano wa ndani ya silinda. Wenye magari walisahau kulijaza, wengine wakaomba turbo ing'olewe kabisa, na mwaka 1963 Jetfire ikafa kabla ya kufikisha magari 10,000. (Mtumiaji hasomi maelekezo. Hata mwaka 1962 hakusoma.)

Lakini hebu tazama: PCV na turbo zimefika karibu pamoja, na zinapingana. PCV inategemea injini kunyonya. Kwenye injini ya kawaida, baada ya kibao cha kuruhusu hewa kuna mnyonyo karibu muda wote, na huo ndio unaovuta gesi kutoka tumboni. Turbo ikianza kusukuma, mahali pale pale panageuka kuwa na shinikizo. Bila kizuizi, hewa ya turbo ingerudi kupitia bomba na kuvimbisha tumbo la injini. Na ubaya wake, huo ndio wakati ambapo gesi nyingi zaidi inapenya kwenye ringi, maana milipuko ni mikali zaidi.

Suluhisho lililozoeleka baadaye ni njia mbili. Gari likiwa halijasukumwa, valvu ya PCV iko wazi na gesi inanyonywa kama kawaida, huku hewa safi ikiingia kupitia bomba la pili linalotoka kwenye njia ya hewa kabla ya turbo. Ukikanyaga, valvu inafunga, na bomba la pili linageuza mwelekeo: sasa gesi inatoka kupitia humo kwenda mdomoni mwa turbo, ambapo daima kuna mnyonyo kidogo. Bomba moja, kazi mbili zinazopingana. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Gharama yake ni ukungu wa oili. Unapita kwenye turbo, unatandaza utando ndani ya intakula, na ukifika kwenye silinda unaidhoofisha petroli hadi injini ianze kugonga. Kwenye mbio za magari ndipo kopo la kunasia oili lilipozoeleka. Kanuni za FIA zinadai lita 2 kwa injini isiyozidi lita 2, na lita 3 kwa kubwa zaidi, pale ambapo tumbo la injini linapumua nje. Dhamira yao ni oili isimwagike njiani, si mapafu ya watazamaji.

Nikarudi kwa yule mzee na michoro yangu. Tulipofungua tuliona chanzo: valvu ya PCV ilikuwa imeganda kwa utandu, na bomba la pili limelainika hadi likajikunja na kujiziba. Tukafunga valvu mpya na bomba la kustahimili oili. (La kwanza nililonunua lilikuwa la maji, likavimba ndani ya wiki. Kosa langu.) Kwenye bomba la pili tukaweka kopo lenye vizuizi vya ndani na wavu wa chuma, lililofungwa kabisa, lenye njia ya kuingia na ya kurudi kwenye turbo. Mzee alitaka tuweke kichujio kidogo juu ya kopo lipumue nje, kama vijana wanavyofanya. Nikamwambia hilo ni bomba la 1950 lililovaa kofia. Akanitazama, akalifunga nilivyotaka.

Sili haijavuja tena. Dada amerudi garini. Kwa wiki tatu za baridi ya Julai, nikiendesha safari fupi fupi za Limuru, kopo lilikusanya robo glasi ya uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili na petroli pamoja. Nikampelekea mzee aone. Akanusa, akatabasamu, akaniuliza:

"Sasa hii utaimwaga wapi?"

Iko kwenye chupa, nyuma ya mlango wa stoo.