Sarafu na noti za kale mpakani Gisenyi: jinsi ya kuzielewa bei zinazokumbukwa

Fedha zilizokwisha kufutwa zingali bidhaa katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, na ng'ambo ya mpaka mjini Goma. Rupia za Mjerumani, faranga za Kongo ya Mbelgiji, zaire za Mobutu na noti za Rwanda za kabla ya 1995 zimebaki katika masanduku ya familia pande zote mbili. Mwenye nazo hukumbuka bei: kwamba mwaka fulani moja kama hiyo iliuzwa kwa kiasi fulani.

Bei hizo za kukumbukwa ndizo zinazofungua mazungumzo ya biashara, na ndizo zinazowatia hasara wauzaji na wanunuzi. Kumbukumbu inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isifae kitu, kwa sababu fedha iliyotumika kulipa imekufa, au kitu kilichouzwa hakikuwa kile kilichoko mezani leo. Makala haya yanaeleza namna ya kuipima bei ya zamani kabla ya kuitumia.

Fedha zilizopita Gisenyi

Hadi 1916 Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Fedha yake ilikuwa rupia, iliyogawanywa kwa pesa 64 na baadaye, kuanzia 1904, kwa heller 100. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 ikaingia faranga ya Kongo. Kuanzia 1960 noti zilitolewa na benki moja ya Rwanda na Burundi. Benki Kuu ya Rwanda ilianzishwa mwaka 1964, na baadhi ya noti za ushirika ziligongwa muhuri wa Rwanda ili ziendelee kutumika. Noti hizo zenye muhuri hutafutwa na wakusanyaji.

Upande wa Kongo, zaire iliingia Juni 1967 kwa kiwango cha zaire 1 kwa faranga 1,000 za Kongo. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Juni 30, 1998 ikaja faranga ya sasa, moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa hiyo faranga moja ya 1998 ni sawa na zaire za zamani bilioni 300.

Bei bila mwaka si bei

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini bei iliyotajwa kwa zaire haina maana bila mwaka wake. Zaire ilipoanza mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Zaire mpya ilipotolewa mwaka 1993, dola 1 ilikuwa zaire mpya 3, yaani zaire za zamani milioni 9. Mtu anayekumbuka kwamba baba yake aliuza sarafu kwa "zaire milioni moja" anaweza kuwa anazungumzia mali ya kutajirisha au senti 11 za dola.

Mkanganyiko haukuishia hapo. Noti ya zaire milioni 5 iliyotoka mwishoni mwa utawala huo wa fedha ilikataliwa na wafanyabiashara wengi, na askari waliolipwa kwa noti hiyo walifanya ghasia Kinshasa Januari 1993. Huko Kasai watu waliikataa zaire mpya na kuendelea na zile za zamani. Kwa hiyo hata mwaka ukijulikana, ni lazima kuuliza mauzo yalifanyika mkoa gani na kwa noti zipi.

Faranga ya Rwanda haikuanguka kwa kasi hiyo, lakini nayo ilishushwa thamani Novemba 1990. Bei ya 1989 na ya 1991, hata zikiwa na tarakimu zilezile, si bei moja.

"Ya tembo" ni ipi?

Kosa la pili ni la jina. Wauzaji wengi hutaja sarafu kwa picha yake, na picha inayotajwa zaidi ni ya tembo. Lakini sarafu za tembo ni nyingi:

- Rupia 15 za dhahabu za Tabora za mwaka 1916. Zilipigwa 16,198 tu.
- Faranga 2 za shaba ya njano za Kongo ya Mbelgiji za mwaka 1943, zenye pembe sita. Zilipigwa Philadelphia, Marekani, zipatazo milioni 25.
- Faranga 50 za fedha za mwaka 1944.
- Faranga 1, 2 na 5 za shaba ya njano za miaka ya 1940, za mviringo.

Anayesikia kwamba "ya tembo" iliuzwa kwa maelfu ya dola amesikia habari za ile ya Tabora. Iliyoko mfukoni mwake, mara nyingi, ni mojawapo ya zile milioni 25. Tofauti ya wingi peke yake inatosha kueleza tofauti ya bei.

Rupia za kawaida za fedha nazo husifiwa kupita kiasi. Rupia moja ina gramu 11.66 za fedha yenye ubora wa 917 kwa 1,000, na miaka mingi zilipigwa kwa wingi. Zina thamani, lakini chache ndizo adimu.

Dhahabu ya Tabora na bei zinazohama

Sarafu ya Tabora inafaa kuwa kipimo kwa sababu thamani yake ya chini inaweza kupigiwa hesabu kwa mwaka wowote. Wajerumani waliipiga katika karakana ya reli mjini Tabora wakati wa vita, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kabla ya Wabelgiji kuuteka mji Septemba 1916. Ina uzito wa gramu 7.168 na ubora wa 750 kwa 1,000. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376, karibu wakia 0.173.

Kwa bei rasmi ya dola 35 kwa wakia iliyodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, dhahabu hiyo ilikuwa ya dola 6. Januari 1980, dhahabu ilipofika dola 850, ilikuwa ya dola 147. Katikati ya 1999, wakia ikiwa karibu dola 252, ilirudi dola 44. Mwaka 2011, wakia ilipofika dola 1,900, ilikuwa ya dola 328.

Kwa hiyo aliyenunua mwaka 1980 na aliyenunua mwaka 1999 wanaweza kutaja bei zinazopishana sana na wote wakasema kweli. Juu ya dhahabu huongezwa bei ya uadimu, ambayo kwa sarafu hii huzidi mbali thamani ya madini. Anayeiuza kwa sonara kwa uzito tu amepoteza sehemu kubwa ya mali yake.

Noti: hali ya karatasi

Noti hazina madini ya kuzikinga. Bei yake hutokana na uadimu na hali. Noti isiyokunjwa hata mara moja na noti iliyopita mikono ya soko ni bidhaa mbili tofauti, ingawa ni za mwaka mmoja na saini moja.

Kufutwa kwa noti hakuifanyi kuwa adimu. Desemba 1979 Zaire ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10 na kuweka kikomo cha kubadilisha. Wengi walibaki na mabunda. Mwanzoni mwa 1995 Rwanda ilibadilisha noti za faranga 500, 1,000 na 5,000 na kutoa nyingine zenye tarehe ya Desemba 1, 1994. Sababu ilikuwa kwamba serikali iliyoshindwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikuwa imekimbia na akiba ya noti kupitia Gisenyi hadi Goma, Julai 1994. Waliobaki na noti za zamani walibaki na karatasi. Familia zilizozitunza hukumbuka thamani iliyoandikwa juu yake, lakini mkusanyaji haangalii hiyo.

Stempu za Ruanda-Urundi zina tahadhari yake. Zile za Kongo ya Mbelgiji zilizogongwa neno RUANDA au URUNDI mwaka 1916 hutajwa kwa bei kubwa, na ndiyo maana chapa hizo zimeghushiwa.

Hali hii si ya Afrika peke yake

Marekani, ambako kadi za wachezaji wa besiboli hukusanywa kama mali, kumbukumbu za bei huwachezea watu vilevile. Kadi moja ya Honus Wagner, ya miaka ya 1909 hadi 1911, iliuzwa kwa dola 451,000 mwaka 1991 na dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 muuzaji wa zamani wa kadi hiyo alikiri kwamba kingo zake zilikatwa ili ionekane mpya. Kwa upande mwingine, kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapishwa kwa wingi mno, na waliozihifadhi kwa kukumbuka bei za kadi za kale walikuta hazina wanunuzi.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kuitumia bei ya zamani, mfanyabiashara anashauriwa kuuliza yafuatayo:

1. Iliuzwa mwaka gani, na mwezi gani kama ni zaire?
2. Ililipwa kwa fedha gani, na dola moja ilikuwa kiasi gani siku hiyo?
3. Ni kitu gani hasa: thamani iliyoandikwa, mwaka, madini, uzito?
4. Hali yake ilikuwaje?
5. Ni bei iliyolipwa, au ni bei iliyoombwa au iliyosomwa katika katalogi? Bei ya katalogi si fedha mkononi.

Sarafu isisuguliwe kwa majivu, mchanga wala ndimu. Mng'ao wa kusugua huharibu uso, na mkusanyaji hushusha bei. Mnunuzi anayedai ada ya "kupima" kabla ya kulipa, au anayeahidi mamilioni kwa "rupia ya Mjerumani" ambayo hajaiona, aepukwe. Mnunuzi wa kweli hupima kwa mizani na hulipa baada ya kuona.

Kwa wasafirishaji

Noti iliyofutwa mpakani si fedha bali ni bidhaa. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa forodha, makusanyo ya sarafu na noti za kale yako chini ya namba 97.05, stempu 97.04, na vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100 chini ya 97.06. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, hutumia mfumo huo.

Aidha, Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda urithi wa utamaduni, na nchi zote mbili zimejiunga na mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Dereva anayepewa bahasha au sanduku la "vitu vya kizamani" anapaswa kulifungua mbele ya mwenye mali, kuandika idadi na aina ya vitu, na kulitangaza. Kwenye karatasi hiyo iandikwe bei iliyolipwa leo na fedha iliyotumika. Hiyo ndiyo bei itakayoweza kuaminika miaka 20 ijayo, pindi mtu mwingine atakapouliza kitu kama hicho kiliuzwa kwa kiasi gani.