Mgeni wa Lobengula

Mzungu aliyekuja Afrika karne ya 19 ana majina mengi kwenye vitabu vyetu vya shule: mvumbuzi, mmisionari, mlowezi, mwindaji. Mhamiaji? Hapana. Hilo jina tumewaachia watu wanaokesha kwenye foleni za viza.

Sasa mchukue Frederick Courteney Selous. Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Upande wa baba, ukoo wenyewe ulikuwa wa wahamiaji: Wahuguenoti, Waprotestanti wa asili ya Kifaransa. Kufikia wakati wa baba yake familia ilikuwa imeshajipata, pesa iko, na kijana akasomeshwa Rugby, shule ya watoto wa wenye nazo. Lakini kijana alitaka ndovu. Mwaka wa 1871, akiwa na miaka 19, alishuka melini Algoa Bay, Afrika Kusini, na pauni 400 mfukoni.

Mwaka uliofuata alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka, akamwona mtoto tu. Ruhusa akampa. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa viza na kibali cha kazi kwa pamoja, bila hata kuulizwa taarifa za benki.

Jamaa aliishi kwa kuwinda na kuuza pembe karibu miaka 20. Alijua njia, mito, mahali pa kuvukia na mahali maji hukauka. Halafu mwaka wa 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ikahitaji mtu wa kuongoza msafara wenye silaha hadi Mashonaland. Ni nani aliyeijua nchi hiyo vizuri kuliko yeye? Septemba hiyo bendera ya Uingereza ikapandishwa Fort Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Mwaka wa 1893 kampuni ikamgeukia Lobengula mwenyewe, na Selous alikuwa vitani, akajeruhiwa. Mfalme alikimbia mji wake, Bulawayo, akafia mafichoni. Wandebele walipoinuka tena mwaka wa 1896, Selous alishika bunduki tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuja na jeshi. Ndiyo maana neno mhamiaji halimkai vizuri: si kwamba hakuhama, ni kwamba baadaye wenyeji ndio walioanza kuhitaji ruhusa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikuwa karibu kufika miaka 63, na mwanzoni alikataliwa kwa sababu ya umri. Hakukubali. Mwaka wa 1915 akaingia kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akashuka Mombasa, akaenda kupigana na Wajerumani. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa kapteni wa miaka 65, alipigwa risasi Beho Beho, karibu na Rufiji, akazikwa hapo hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani wa kivita, naye akauawa. Siku ile ile. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Kumzika mtoto au mzazi hakuna rangi.

Nilikuwa nikisomea historia kabla karo haijanishinda, na kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni mazoea ya kuuliza: tunajuaje? Ya Selous tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Tarehe ipo, kaburi lipo, London kuna sanamu yake kwenye jumba la makumbusho.

Nyumbani kwetu pia kuna mtu wa vita hivyo hivyo. Ni mjomba wa nyanya yangu, mzaa mama. Historia yake yote ni sentensi moja: "Alienda Kariakoo, hakurudi." Hakwenda sokoni. Kariakoo, au Kariokor ya hapa Nairobi, ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakabeba chakula na risasi za watu kama Selous, wakafa zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, huenda hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mjomba wa nyanya ni mmoja wao.

Jina la Selous lilipewa mbuga kubwa ya Tanzania, na miaka ya 1970 likapewa kikosi cha Rhodesia kilichowinda wapigania uhuru. Mwaka wa 2019, sehemu kubwa ya mbuga hiyo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mpagazi wetu hakupewa mbuga. Nyanya alimpa mwanawe wa kwanza jina lake, na huyo akalipitisha kwa mjukuu. Mwenye jina sasa ana miaka 6. Mwalimu akiita majina asubuhi, yeye huitika, "Nipo."