Jicho la Shabiki: Historia ya Video za Matamasha ya Roki Zilizopigwa na Watazamaji

Video ya tamasha iliyopigwa na mtazamaji huchukuliwa na mtu aliyelipa kiingilio, akiwa amebanana na mashabiki wenzake, kwa kamera yake mwenyewe. Filamu rasmi hutumia kamera nyingi zilizopangwa kulizunguka jukwaa, na sauti yake hutolewa moja kwa moja kwenye mitambo. Kamera ya shabiki ni moja, nayo hunasa kila kilichopo: vichwa vya walio mbele, sauti za wanaoitikia wimbo, mwangwi wa ukumbi. Katika roki nzito, muziki uliokua Uingereza na Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, video hizi zimekuwa sehemu kubwa ya kumbukumbu za bendi zilizodumu. Bendi kongwe imepanda jukwaani mara nyingi sana, lakini maonyesho yaliyorekodiwa rasmi ni machache. Mengi ya yale mengine, kama yapo hadi leo, yapo kwa sababu shabiki fulani alijitaabisha kuyanasa.

Desturi hii ilitanguliwa na kunasa sauti. Kati ya 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mkutubi wa jumba la opera la Metropolitan mjini New York, alirekodi vipande vya maonyesho kwa mashine ya Edison iliyotumia mitungi ya nta. Kila mtungi ulibeba dakika chache tu, na sauti yake imejaa mikwaruzo. Hata hivyo, mitungi hiyo ni miongoni mwa rekodi za kale zaidi za muziki ulioimbwa mbele ya hadhira, na sauti ya Jean de Reszke, mwimbaji mashuhuri kutoka Poland, haisikiki leo mahali pengine popote. Tangu mwanzo, basi, faida ya kazi hii ilikuwa kuhifadhi kile ambacho kampuni za santuri hazikukihifadhi.

Mashine za kurekodi kwa utepe wa sumaku zilipopungua ukubwa na bei katika miaka ya 1960, mashabiki wa kawaida nao waliweza kuingia nazo ukumbini. Mwaka 1969 ilitoka Los Angeles santuri ya magendo ya nyimbo za Bob Dylan iliyoitwa Great White Wonder, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika roki. Mwishoni mwa mwaka huohuo onyesho la Rolling Stones la Oakland, California, lilinaswa na mtazamaji na kuuzwa kwa jina la Live'r Than You'll Ever Be. Onyesho la Led Zeppelin la tarehe 4 Septemba 1970 katika ukumbi wa Forum, Los Angeles, lilifuata mkondo huo. Meneja wa Led Zeppelin, Peter Grant, alijulikana kwa kuwaandama waliokutwa na mashine za kurekodi na kuzivunja kwa mikono yake.

Deep Purple, bendi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1968, ilichagua njia nyingine. Onyesho lake la Aachen, Ujerumani, la 1970 lilikuwa limezagaa kama santuri ya magendo. Mpiga besi wake, Roger Glover, alieleza kwamba rekodi za namna hiyo zilikuwa nyingi mno, na kwamba bendi ikitoa yake yenyewe, soko la magendo lingekufa. Ndivyo ilivyopatikana Made in Japan, albamu iliyorekodiwa Osaka na Tokyo tarehe 15 hadi 17 Agosti 1972, ambayo hadi leo inatajwa miongoni mwa albamu bora za jukwaani katika roki nzito.

Picha zilichelewa kwa sababu za kiufundi. Kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya Super 8 mwaka 1965, lakini kasha lake moja lilitosha kwa takriban dakika tatu na nusu, na filamu yenye sauti haikupatikana hadi 1973. Shabiki aliyetaka kupiga onyesho la saa mbili angehitaji makasha mengi, na kila alipobadilisha kasha alipoteza sehemu ya wimbo. Kwa hiyo filamu zilizobaki kutoka enzi hiyo ni vipande vifupi, vingi visivyo na sauti, vyenye mwanga hafifu na rangi zilizokolea wekundu wa taa za jukwaani. Thamani yake ilitambuliwa baadaye. Led Zeppelin ilipotoa DVD yake rasmi mwaka 2003, ikikusanya maonyesho ya 1969 hadi 1979, watengenezaji waliingiza pia vipande vilivyopigwa na mashabiki.

Mageuzi makubwa yalikuja na kamera ya video inayobebeka. Mwaka 1983 Sony ilitoa Betamovie, iliyounganisha kamera na kinasa picha katika chombo kimoja. Ilikuwa nzito, ilibebwa begani, na haikuweza kuonyesha ilichorekodi. Mwenyewe alisubiri hadi afike nyumbani kwenye deki. Mwaka 1984 JVC ilitoa kamera ya kaseti ndogo ya VHS-C, na mwaka 1985 ukaja mfumo wa milimita 8. Kufikia 1989 Sony iliuza kamera yenye uzito wa gramu 790 tu. Chombo kilichotosha ndani ya koti kilipenya langoni, na kaseti yake ilimaliza saa nzima au zaidi bila kukatika.

Kupiga video kwa siri kulihitaji ustadi. Mpigaji alitafuta mahali palipoinuka ili asizibwe na mikono iliyoinuliwa, na mara nyingi alikuwa na mwenzake wa kumkinga na macho ya mabaunsa. Taa za jukwaani ziliihangaisha kamera: palipowaka sana uso wa mwimbaji uligeuka weupe mtupu, na palipofifia picha ilizama gizani. Sauti ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Onyesho la Deep Purple katika ukumbi wa Rainbow, London, mwaka 1972 liliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness kwa kufikia desibeli 117, na maikrofoni ndogo ya kamera haikuundwa kwa kishindo cha namna hiyo. Besi ilivurugika, ngoma zikamezana na magitaa. Wapigaji makini walirekodi sauti kwa chombo cha pembeni chenye maikrofoni bora, kisha wakailinganisha na picha baadaye.

Kanda zilizopatikana zilisafiri kwa posta. Wakusanyaji waliandika orodha za maonyesho waliyonayo, wakabadilishana nakala kati ya Ulaya, Amerika na Japani. Katika mzunguko huo kubadilishana kulikuwa heshima, na kuuza kwa faida kulilaumiwa. Tofauti ya mifumo ya televisheni iliwasumbua: Marekani na Japani zilitumia NTSC, nchi nyingi za Ulaya zilitumia PAL, na kanda ya mfumo mmoja haikuonekana vizuri kwenye deki ya mwingine bila kubadilishwa. Zaidi ya hayo, kila kanda ya VHS ilipodurufiwa ilipungua ubora. Nakala iliyotolewa kwenye kanda mama ilitafutwa sana, na ile iliyopita mikononi mwa wengi ilibaki vivuli na mvumo. Upungufu huo uliondoka tu ulipokuja mfumo wa dijitali wa DV mwaka 1995, ambao nakala yake hulingana na kanda mama.

Tukio lililobadili hadhi ya video hizi linahusu Metallica, bendi iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1981. Tarehe 27 Septemba 1986 basi la bendi hiyo lilipinduka nchini Sweden, na mpiga besi wake, Cliff Burton, akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Bendi ilipotaka kumuenzi haikuwa na filamu rasmi ya kutosha ya miaka yake mitatu na nusu jukwaani. Ikageukia kanda zilizopigwa na mashabiki, ikazichanganya na picha nyingine chache, na mwishoni mwa 1987 ikatoa video ya Cliff 'Em All. Picha nyingi zinatikisika na sauti ni chafu, lakini ndani yake Burton anaonekana akipiga besi kwa nguvu zake zote. Vipande vya Machi 1983 kutoka San Francisco vinamwonyesha pia mpiga gitaa Dave Mustaine, aliyeondolewa mwezi uliofuata, kabla albamu ya kwanza haijarekodiwa. Safu hiyo ya wanamuziki haimo katika albamu yoyote ya Metallica. Kanda zilizoingia ukumbini kwa kujificha ziligeuka kumbukumbu rasmi ya bendi.

Sheria haikulegea kwa sababu hiyo. Uingereza ilikuwa imepitisha mwaka 1925 sheria ya kuwalinda wasanii dhidi ya kurekodiwa bila idhini ya maandishi. Mkataba wa Roma wa 1961 uliwapa watumbuizaji ulinzi wa kimataifa, na Marekani ikaongeza mwishoni mwa 1994 kifungu kinachokataza kunasa sauti au picha za onyesho la muziki bila ridhaa ya wanaotumbuiza. Msingi wa sheria hizi ni wa haki, kwani onyesho ni kazi ya msanii na ndilo riziki yake.

Hata hivyo, bendi kadhaa ziliona kwamba shabiki anayehifadhi si sawa na mfanyabiashara wa magendo. Mwaka 1984 Grateful Dead ilianza kutenga eneo maalumu ukumbini kwa wanaorekodi sauti, na Metallica ikaiga katika miaka ya 1990, kabla ya kuanza mwaka 2004 kuuza yenyewe rekodi za maonyesho yake kwenye intaneti. Mwaka huohuo wa 2004 Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946, ilianza kuuza kupitia tovuti yake rekodi za sauti zilizonaswa na mashabiki katika maonyesho ya zamani.

YouTube ilianza 2005, na kufikia 2009 simu nyingi mpya, zikiwemo za iPhone, ziliweza kupiga video. Siri ikaisha: kila mwenye tiketi akawa na kamera mfukoni. AC/DC ilipopanda jukwaani Lisbon tarehe 7 Mei 2016 na Axl Rose akiimba ameketi kwa sababu ya mguu uliovunjika, video za watazamaji zilisambaa duniani papo hapo. Wingi huo ulizaa pia ushirikiano. Baada ya mashabiki kupiga onyesho la Radiohead la Prague la Agosti 2009 kutoka pande nyingi, bendi iliwapa sauti ya mitambo waiunganishe na picha zao, na filamu ikatolewa bure mwaka 2010.

Wingi huohuo umeleta malalamiko. Skrini zilizoinuliwa huwaziba walio nyuma, na wanamuziki hujikuta wakiwapigia watu wanaotazama simu. Tool imezuia simu katika maonyesho yake, ikiruhusu kupiga video wimbo wa mwisho tu. Iron Maiden, iliyoanzishwa London mwaka 1975, iliwaomba mashabiki waziache simu mfukoni katika ziara yake ya miaka 50 iliyoanza Budapest Mei 2025.

Kwa mwanahistoria, kanda hizi zinaeleza mambo ambayo albamu haziyaelezi: mpangilio wa nyimbo wa kila usiku, makosa yaliyorekebishwa palepale, namna sauti ya mwimbaji ilivyoshuka kadiri umri ulivyosonga, na jinsi hadhira ya mji mmoja ilivyotofautiana na ya mji mwingine. Lakini utepe wa sumaku huchakaa, na mitambo ya kuusoma inaadimika: Sony iliacha kuuza kaseti za Betamax Machi 2016, na Funai ikaacha kutengeneza deki za VHS Julai mwaka huo. Kanda zilizomo majumbani zinapaswa kuhamishiwa kwenye dijitali zingali zinasomeka, kila moja ikiandikiwa tarehe, ukumbi na idadi ya mara ilizodurufiwa, kwa sababu bila maelezo hayo hata picha nzuri hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.