Kati ya Lubumbashi na Likasi kuna watu

Wandugu, kila tukizungumza usafiri wa Lubumbashi na Likasi, tunahesabu kilomita 120 hivi, basi, kama vile njia ina miisho miwili tu. Mimi ni mtoto wa Kapolowe, pale kati. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi nilikuwa nalipa bei ya Likasi nzima, ijapokuwa nashuka mbele ya kufika. Siku moja nilibisha. Mwenye kukusanya pesa akanijibu: «Papa, gari ni ya Likasi. Ukitelemuka mu njia, ni mambo yako.»

Nilidhani ni ujanja wake. Kumbe mazoea haya ni ya zamani kuliko minibisi.

Reli ilifika Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini. Mwaka 1913 ikafika Kambove, na 1918 ikafika Bukama, kwenye Lualaba. Kwa nini Kambove? Kulikuwa mgodi wa shaba. Union Minière ilitaka madini yatoke. Abiria walikuja nyuma ya hesabu hiyo. Kwetu treni iliacha hata jina: mpaka leo tunasema Kapolowe-Gare na Kapolowe-Mission, moja ya treni, nyingine ya mapadri.

Kisha likaja bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira. Mwaka 1930 umeme ukaanza kwenda viwandani. Maji yaliyozuiwa yakawa ziwa Tshangalele, na hapo wamama wetu wakapata samaki wa kuuza kwenye miji yote miwili. (Umeme wenyewe, tuache.) Samaki hangoji. Gari ikichelewa nusu siku, faida imeoza.

Sasa, ni lini watu waliulizwa? Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu Wakongomani kupiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, kwenye miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambayo ni Likasi. Wanaume peke yao. Angalieni: mwisho huu wa njia uliulizwa, mwisho ule ukaulizwa, na sisi wa kati treni ikatupita. Wamama wa samaki walikosa mara mbili, kwa mahali na kwa kuwa wanawake. Desemba 2023, washauri wa komini walichaguliwa kwenye miji mikuu ya provensi tu. Lubumbashi ilipiga kura hiyo. Kapolowe tulitazama.

Na sisi wasomi hatuna tofauti kubwa. Mapendekezo yetu ya usafiri tunayaandikia Lubumbashi, tumekaa kivulini, na tunaomba treni yenye mbio.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama mudogo, anayeuza samaki tangu nikiwa mtoto, yeye angeomba nini. Mbio hakuitaja. Alitaka saa inayojulikana, hata kama ni usiku. Alitaka mahali pa vitunga, visihesabiwe kama mtu wa pili. Na bei iishie pale anaposhukia. Nikaandika yote kwenye barua tunayotayarisha na vijana wenzangu.

Akaniangalia nikikunja karatasi. «Utaitusomea kwanza, ao utaituma tu?»

Jumapili, baada ya misa, nitaisoma pale Gare.