Hukumu ya Ulimi: Maji ya Visima katika Historia Yetu

Hapo kale, katika miji ya pwani na visiwani, mwenye kukata hukumu juu ya maji ya kisima alikuwa ulimi. Katika mtaa tuliokulia huko Unguja, kisima kipya kilipofikia maji, ndoo za kwanza zilimwagwa kwa ajili ya tope, kisha yalitekwa maji kwa kata ya kifuu akapewa bibi mmoja mtu mzima aliyesifika kwa ulimi usiodanganyika. Bibi huyo aliyasukutua, akayatema, akaonja tena na kumeza, na watu wote wakanyamaza wakingoja neno lake: ni matamu, au yana chumvi, au ni mazito, au yana ukakasi. Kwa neno hilo kisima kilipangiwa kazi. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia chai. Yenye chumvi yaliachiwa kuoshea vyombo na kukandia udongo wa kuta.

Wala haikuwa kazi ya kubahatisha. Asiyeuamini ulimi aliweza kutafuta ushahidi mwingine. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji yale ni mazito. Choroko zikichemka tangu asubuhi hadi adhuhuri na bado zikawa ngumu, kosa si la moto bali la maji. Mwalimu wa kemia leo atawaeleza wanafunzi wake habari za chokaa na magnesi zilizoyeyuka majini, na atakuwa amesema kweli. Lakini mama zetu walikwisha kuifikia kweli hiyo kwa njia ya chungu na sabuni.

Tena, walikuwa na sababu kubwa ya kuiogopa chumvi kuliko kitu kingine. Katika visiwa vyetu na sehemu kubwa ya mwambao, ardhi ni mawe ya matumbawe. Mvua inyeshapo hupenya katika mawe hayo na kukaa chini, juu ya maji ya bahari ambayo nayo yameingia kwa chini. Na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila maji baridi yanaposimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yapo kiasi cha mita 40 chini yake. Kwa hiyo mchimbaji anayepitiliza kwa tamaa ya maji mengi, au mji unaoteka kupita kiasi, huivuta bahari ipande kisimani. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimbua magofu ya mji huo mwaka 1948, na miongoni mwa vitu vilivyotokea ni visima virefu vilivyochongwa katika jiwe. Mji ulihamwa katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa na watafiti ni kushuka kwa maji visimani.

Basi wahenga walikuwa na elimu ya maji, na walikuwa na ustadi wa kuyatunza. Katika nyumba za Lamu, ndani ya birika za maji, waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na kwenye sakafu ya birika wakatia bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wasikose mahali pa kuishi. Mtungi wa udongo uliyapoza maji kwa kuvuja jasho. Na kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa mtungi kilizuia takataka. Wapo wanaoicheka desturi hiyo ya kitambaa wakaiita ya kikale. Tunawaomba wasicheke upesi. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Bangladesh walitangaza kwamba wanawake waliochuja maji kwa nguo kuukuu ya sari, iliyokunjwa mara kadhaa, walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vya maradhi hayo hujishikiza katika wadudu wadogo wa majini ambao nguo huwanasa.

Nusu ilinaswa, nusu ya pili ilipita, na hiyo ndiyo habari tunayotaka kuisimulia hapa. Ulimi, jicho, sabuni na choroko vilikuwa mashahidi wa kweli katika mambo vinavyoyajua. Balaa ni kwamba kinachoua hakina ladha. Lugha yetu ina methali inayomwonya mchimba kisima kuwa huingia mwenyewe; hatuifahamu hata moja inayomwonya anayekunywa.

Katika karne ya 19 kipindupindu kilifika Unguja mara nne: 1821, 1836, 1858 na 1869. Habari za mara ya mwisho tunazijua zaidi kwa sababu ya James Christie, daktari kutoka Scotland aliyekuwa akifanya kazi mjini Unguja siku zile, na ambaye mwaka 1876 alichapisha London kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki. Christie aliwauliza wasafiri, manahodha na watu wa misafara, akaifuata njia ya ugonjwa hatua kwa hatua: kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamasai, hadi Pangani, na kutoka Pangani kuvuka bahari hadi Unguja, ambako ulianza kuua mwishoni mwa mwaka 1869. Mwanafunzi wa historia na aliangalie jambo hili kwa makini. Njia zilezile zilizobeba pembe na watumwa, ambazo vitabu vyetu huzichora kwa mishale kwenye ramani, zilibeba pia mauti yasiyo na bei.

Na mji uliopokea mgeni huyo ulikuwa tayari kwa ajili yake. Nyumba nyingi za mawe zilikuwa na kisima ndani ya ua, na katika ua huohuo, hatua chache tu, palikuwa na shimo la choo. Siku hizi tunafundishwa kuweka mita 30 baina ya choo na kisima, lakini katika mawe ya matumbawe hata kipimo hicho hakitoshi kumpa mtu usingizi, maana maji hupita katika nyufa kama mtu apitavyo uchochoroni, bila ya kuchujwa na mchanga wowote. Kisima kiliweza kuwa na maji meupe, baridi, matamu, yenye kusifiwa na kila bibi mtaani, nacho kikawa kinapokea uchafu wa nyumba tatu.

Seyyid Barghash alipotawala, kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mfereji kutoka chemchemi zilizo kaskazini hadi mjini. Katika majengo yote ya utawala wake watu hulitazama zaidi lile jumba lake la maajabu lenye nguzo. Sisi, tukiulizwa, tungeutaja mfereji kwanza.

Ushahidi wa kisayansi ulikuja polepole. Mwaka 1854, mjini London, daktari John Snow alionyesha kwamba waliokufa katika mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya bomba moja la kisima, na mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Miaka 30 baadaye, 1883 na 1884, Robert Koch alimfuata mdudu mwenyewe Misri na India, akamwona kwa hadubini. (Koch huyo alikuja kufanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897, lakini kwa ajili ya maradhi mengine.) Tangu hapo hukumu ya maji iliondoka ulimini ikahamia kwenye chupa ya maabara, na kanuni ya leo ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane hata kijidudu kimoja cha kinyesi.

Lakini maabara yako mjini, na kisima kiko kijijini. Mwaka 1971 Tanzania iliazimia kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji safi katika muda wa miaka 20. Muda huo ulipita mwaka 1991 na azma haikutimia. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma pamoja, wakachimba vyoo na kufundishana kuchemsha maji. Tulipoingia shule, picha za kampeni ile zilikuwa bado ukutani. Hata hivyo kipindupindu kiliingia tena nchini katika miaka hiyohiyo ya sabini, mwaka 1978 kikafika Zanzibar, na hakikutuacha. Mwaka 2015 mwezi wa Agosti kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoani hadi Zanzibar, na wagonjwa wakapita 20,000.

Kwa nini watu hawachemshi? Swali hili huulizwa ofisini kwa sauti ya lawama, na mara nyingi na mtu asiyenunua kuni. Kuchemsha kunatosha kabisa: maji yatokote, yafunikwe, yapoe katika chombo hichohicho. Ila kuni ni ghali, na mwanamke aliyetembea kutafuta mzigo mmoja hataumalizia kwa maji ya kunywa ilhali ugali haujapikwa. Ndiyo maana dawa ya klorini ina maana kubwa kwa maskini. Ikiwa ni ile ya maji ya kufanyia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yenye nguvu ya sehemu 5 katika 100, matone 2 hutosha lita 1 ya maji yaliyochujwa yakang'aa, na mtu angoje dakika 30. Kiharufu chepesi kikisalia, si kasoro. Ni dalili kuwa dawa imebaki ya kulinda mtungi. Asiye na dawa wala kuni anaweza kutia maji maangavu katika chupa nyeupe ya plastiki na kuilaza juani saa 6.

Pamoja na hayo, pana maji yasiyotibika kwa moto wala kwa klorini, na hapo hatuna budi kuiacha pwani kidogo tuende kwenye miteremko ya Mlima Meru. Huko maji ya chemchemi nyingi na visima ni maangavu na hayana kijidudu, lakini yamebeba madini ya floraidi kutoka katika mawe ya volkano. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na ikizidi mifupa hupinda. Mwenye kuyachemsha huyaongezea ubaya, kwa sababu maji huondoka kwa mvuke na floraidi husalia sufuriani. Shirika la Afya Duniani linataka miligramu zisizozidi 1.5 katika lita 1. Nchi yetu, mwaka 1974, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa vijiji, si kwa kuwa haikujua madhara bali kwa kuwa vijiji vingine havikuwa na maji mengine ya kunywa. Kipimo hicho kilipunguzwa baadaye. Katika kituo cha Ngurdoto, Arumeru, wataalamu wamefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hadi leo hiyo ni miongoni mwa njia zinazofaa nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika utumishi, tulifuatana na bwana afya mpaka kijiji kimoja cha pwani. Mzee mwenye kisima alitupokea kwa heshima, akatutekea maji, na alipoambiwa kwamba tumekuja kuyapima akacheka. "Bwana afya, mwanangu," alisema, "maji haya nimeyanywa tangu kuzaliwa, na baba yangu aliyanywa. Hayana hata chembe ya chumvi." Na kweli yalikuwa matamu.

Bwana afya hakubishana. Alitoa chupa mbili ndogo, kila moja ina kikaratasi chenye dawa; kipimo hiki kilibuniwa India mwaka 1982 kwa ajili ya mahali pasipo na maabara. Moja akaitia maji ya kisima, nyingine maji ya kisima hichohicho yaliyochemshwa na kupozwa. Alieleza pia, kwa uaminifu tulioupenda, kwamba kipimo hiki hakihesabu vijidudu, na kwamba pengine udongo wenyewe huweza kukidanganya. Chupa zikawekwa katika kabati la darasa, ufunguo akapewa mzee.

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, mzee alifungua kabati mbele ya mwalimu na wanafunzi. Chupa moja ilikuwa vilevile. Ile ya kisima ilikuwa nyeusi kama maji ya masizi. Mzee aliishika, akaielekeza dirishani, akaigeuza. Kisha akauliza, na hakumwuliza mtu maalumu: "Basi yule mjukuu wangu, mwaka ule wa maradhi, mimi ndiye niliyemnywesha?"

Bwana afya alisema, "Mzee wangu, hatuwezi kujua." Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Sisi tuliozoea kutafuta vina tulikosa hata neno moja.

Mwezi uliofuata choo cha jirani, kilichokuwa upande wa juu wa kisima, kilifukiwa na kuchimbwa kingine mbali, upande wa chini. Ukingo ulinyanyuliwa kwa saruji, kikapatikana kifuniko, na ndoo moja ya kuteka ikafungwa kwa kamba yake ili kila mtu asije na yake. Tulipopita tena kijijini tulikaribishwa maji. Mzee aliteka, akaonja kwanza kwa kata yake kama alivyozoea, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akahesabu matone kwa sauti, akafunika mtungi, akatuambia tukae kitako tungoje.